Maiti ya Mabua na Mfupa wa Kweli

Msomaji wa Urambo ameniuliza kama jasusi anayejua siri ya mtambo mkubwa anaweza kughushi kifo chake akatoweka, na kama sayansi ingemuumbua. Mfano wa karibu ninaoujua ni John Stonehouse, Mwingereza aliyefanya kazi na vyama vya ushirika vya wakulima Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baadaye kwao alipewa uwaziri katika wizara ya teknolojia, na nyaraka za Chekoslovakia zilizokuja kufunguliwa zilionyesha kuwa alikuwa akilipwa na idara ya ujasusi ya huko. Tarehe 20 Novemba 1974 aliacha nguo zake ufukweni Miami, idhaniwe amezama. Siri aliyokuwa akiikimbia, kusema kweli, ni madeni. Mkesha wa Krismasi alikamatwa Melbourne. Polisi walidhani wamempata mtoro mwingine, Lord Lucan, wakamwamuru avue suruali watafute kovu pajani.

Kovu hilo ndilo lililonivutia. Stonehouse alighushi kifo bila maiti. Walioghushi maiti yenyewe, na wakafaulu, walipita Tabora karne moja kabla yake.

David Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Abdallah Susi, James Chuma na wenzao wa msafara wake wakakata shauri kumfikisha pwani. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, alitoa matumbo na moyo vikazikwa palepale. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani siku 14. Chumvi na jua sivielezi, kila anayekula migebuka ya Kigoma anajua kazi yake. Mwili uliviringishwa kitambaa, ukatiwa ndani ya gome la mti, ukashonewa turubai.

Oktoba walifika Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo. Luteni Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapo, alitaka bwana huyo azikwe papo hapo. Wakakataa. Walipofika Kasekera, mashariki zaidi, wenyeji walikataa maiti isipite nchini mwao. Ndipo msafara ukatangaza kwamba basi, inarudishwa Unyanyembe kuzikwa. Wakakata mabua ya mtama yenye urefu wa mtu, wakayafunga sanda, wakakunja karatasi mfano wa barua na kuibana kwenye ufito uliopasuliwa, wakawakabidhi watu sita waliotoka kwa heshima zote za msiba. Giza lilipoingia, sita hao walitupa bua moja hapa, jingine pale, kisha vitambaa, wakarudi kambini kwa kunyatia. Mwili wenyewe ulikuwa umekwisha fungwa kama mtumba wa kawaida wa nguo, nao ukapita. Mimi nauhesabu huu kuwa ujasusi wa daraja la kwanza, na sijui kwa nini vitabu vya shule vinawaita mashujaa hawa watumishi tu.

Sasa jitie katika nafasi ya Waingereza. Desemba 1866 Musa na wenzake wa Nzuani, waliokuwa katika msafara wa Livingstone, walifika Unguja wakiapa kwamba Livingstone ameuawa. Mwaka uliofuata ikathibitika ni uongo. Aprili 1874 wanaletewa London mwili mkavu, usiotambulika sura, uliosafiri kama mtumba. Nani aseme ni yeye?

Sir William Fergusson, daktari mpasuaji, aliushika mkono wa kushoto. Mwaka 1844, huko Mabotsa kusini mwa Afrika, simba aliusaga mkono huo kati ya bega na kiwiko, na mfupa haukuunga tena. Fergusson alipoutikisa, ulipinda mahali pasipo na kiungo. Eksirei ilikuwa bado miaka 21 kugunduliwa. Vidole vyake vilitosha.

Kwa nini mfupa ukatae kuunga kwa miaka karibu 30? Hapa ndipo sayansi inaponipa raha. Fikiria fundi anayeziba ufa katika nyumba iliyo kando ya reli pale Tabora. Akitia saruji tu, treni ya Mwanza inapita, ukuta unatikisika, saruji inapasuka. Fundi mwerevu anaanza na kitu kinachovutika. Mtikisiko ukipungua, anatia kigumu kidogo. Kikishika, mtikisiko unapungua zaidi. Mwisho kabisa ndiyo saruji. Mwili nao hufanya hivyo. Nyama changa ya mwanzo huvumilia kuvutwa hadi mara mbili ya urefu wake. Gegedu huvumilia kama asilimia 10. Mfupa, asilimia 2 basi. Kwa hiyo ufa wa milimita moja ukichezacheza hata nusu milimita, hakuna chembe ya mfupa itakayoishi humo. Kila tishu humtayarishia mwenzake utulivu wa kuingia. Na treni zisipokoma? Fundi husalimu amri: huacha mpira kwenye ufa, na hata kuupaka grisi. Mwili hufunika ncha za mfupa kwa gegedu, hujenga kifuko, na wakati mwingine hutia ute ndani yake, kama wa goti. Madaktari wengine huita kiungo bandia, lakini jina hilo tumekwisha lipa mguu wa plastiki. Mimi naandika kiungo ghushi, na mhariri asinibadilishie.

Wapo wengine wenye viungo ghushi, naam, lakini si wengi wenye kimoja mahali hapohapo panapojulikana na rafiki zao. Tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa Westminster Abbey.

Basi, ndugu wa Urambo, jasusi wako anaweza kuacha nguo ufukweni, hata kufunga mabua sanda. Akitaka kufaulu, kwanza achome faili lake la eksirei na la daktari wa meno.