Jani la Mahindi Halilali Usiku

Mkulima wa skimu, ukitoka shambani kwako Chepsaita jioni, huenda ukadhani mahindi nayo yamemaliza kazi ya siku. Sivyo. Kazi nyingine ndiyo kwanza inaanza.

Mchana jani hutumia mwanga wa jua, hewa na maji kutengeneza sukari. Sehemu ya sukari hiyo hupelekwa mara moja kwenye mizizi, shina na hindi. Sehemu nyingine huwekwa akiba ndani ya jani, nayo akiba hiyo ni wanga. Lakini wanga hauyeyuki katika maji, basi hauwezi kusafiri. Jua likitua, jani huuvunja vipande vidogo vidogo mpaka uwe sukari tena. Sukari iliyo nyingi humo ni ile ile ya kimea cha wimbi, ambayo watengenezaji wa busaa waijua vizuri. Kisha hugeuzwa mara nyingine na kusafirishwa usiku kucha.

Akiba hiyo hutumiwa kwa kipimo. Mwaka 2013 wataalamu wa John Innes Centre, Uingereza, walieleza kwamba mmea mdogo wa ukoo wa sukuma wiki hugawa wanga wake kwa saa za giza zilizobaki, usije ukaisha kabla ya mapambazuko. Ndivyo afanyavyo mama wa nyumba mwenye gunia la mwisho la unga.

Kwa hiyo, sikiliza onyo hili. Wako wakulima wanaovua majani mabichi kulisha ng'ombe, na huku punje zingali na maziwa. Ng'ombe watashiba leo, lakini umevunja kiwanda na ghala kwa pamoja. Punje zitakuwa nyepesi, na hasara utaiona siku ya kupima magunia. Majani yaliyo karibu na hindi, na yale ya juu yake, ndiyo yanayolilisha zaidi. Usiyaguse.

Ngoja punje zikomae. Chomoa moja, utazame ncha iliyoshikana na gunzi. Ukiona alama nyeusi, hindi halipokei chakula tena. Hapo mpe ng'ombe majani bila kupunguza mavuno.

Wakati wa kungoja, walishe nepia. Uikate alasiri, si alfajiri, maana alasiri akiba ya mchana ingali ndani ya jani.