Bustani ya Uani Wakati wa Kiangazi

Kidete ni kituo cha Reli ya Kati, baina ya Kilosa na Gulwe, mahali ambapo reli hufuatana na mto Mkondoa bondeni. Mwezi wa Agosti mto huo hunywea, mchanga wake ukawa wazi juani, na mgeni asingesadiki akiambiwa kwamba maji yake hayo hayo ndiyo yaliyoivunja reli mwishoni mwa Disemba 2009 na Januari 2010, yakawatoa maelfu ya watu wa Kilosa majumbani mwao. Wenyeji hawahitaji kuambiwa. Kwa hiyo twapenda kuzungumza na mume na mke wa huko juu ya ua wa nyumba yao, na kazi ifaayo kufanywa humo katika miezi mikavu, tokea Juni hata Oktoba.

Aghalabu kiangazi kikiingia, mboga huadimika. Hapo bwana huchukua jembe akateremka mtoni na kulima ukingoni, maana udongo wa pale una rutuba na unyevu. Hatumlaumu kwa kuwatafutia watoto wake kitoweo. Lakini jembe likiisha kuulegeza ukingo na kung'oa matete yaliyoushika, mvua ya kwanza huubeba udongo ule. Mto hujaa mchanga, kina chake kikapungua, na maji yakikosa njia yao hushika njia ya nyumba zetu. Maji ya Mkondoa hutoka mbali, hata pande za Dodoma kwa mto Kinyasungwe, nayo huja na mchanga mwingi tangu huko. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Basi bustani na irudi uani. Wengi wamezoea kuinua matuta. Hayo ni ya masika, ili maji ya ziada yapate kutiririka, na wakati wa jua hukauka upesi mno. Kwa kiangazi tengenezeni vitanda vilivyozama: chimbeni shubiri moja kwenda chini, upana usizidi mita moja ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga ndani, mchanganye samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza. Miche ikisimama, tandazeni nyasi kavu kuizunguka. Mwagilieni alfajiri au jioni, kamwe si adhuhuri. Mchicha huwa tayari kwa wiki 3 au 4. Basi msipande kitanda kizima siku moja, pandeni sehemu yake, na baada ya wiki 2 sehemu nyingine, nyumba isikose mboga leo ikatupa kesho.

Maji yatoke wapi? Yamo nyumbani. Watu watano wakitawadha juu ya beseni kwa sala tano, maji yatakayokusanyika si haba, na hayana sabuni. Yafaa kwa mchicha na bamia. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni mema vile vile. Ya kufulia yapelekwe kwenye migomba na mipapai.

Nyumba ikijengwa kwa tofali za udongo, shimo la kuchimbia udongo ule hubaki wazi nyuma ya jiko, na masika hugeuka kuwa makazi ya mbu. Kiangazi ndicho wakati wake. Lijazeni taka za jikoni zinazooza, majani na samadi, kisha pandeni migomba kulizunguka. Tumeona mashimo ya namna hii yakiwa ndiyo pembe bora ya ua mzima.

Kazi nzito kupita zote ni mfereji. Uzunguke nyumba upande wa mlimani, uyapeleke maji mbali na msingi, lakini usiyaelekeze kwa jirani, maana huko ni kuhamisha balaa tu. Kando yake pandeni mchaichai. Mizizi yake hushika udongo, na majani yake hutiwa katika chai.

Hapa tuna neno na mabwana. Mara nyingi bibi ndiye achotaye maji, apaliliaye na apikaye, na bwana husifu mboga zikiwa sahanini. Imepokewa na Bukhari kwamba Bibi Aisha alipoulizwa juu ya Mtume (s.a.w.) nyumbani mwake, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Jembe la mfereji basi ni la bwana, na ndoo za jioni zigawanywe.

Novemba ikifika, vitanda vifukiwe na kuinuliwa kuwa matuta, mbegu za mchicha uliokomaa zipepetwe na kufungwa mahali pakavu, na mdomo wa mfereji usafishwe majani kabla ya wingu la kwanza.