Mzee wa Kitengela Amekwisha Lipa

Kanuni za ada za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) za mwaka 2025 zilipanga kiingilio cha Mkenya katika Mbuga ya Nairobi kipandishwe kutoka shilingi 430 hadi 1,000, na cha Amboseli kutoka 860 hadi 1,500. Kanuni hizo hizo zilisema Mkenya aliyetimiza miaka 70 aingie bure. Ni jambo jema, ila kwa wazee wa Kitengela, Kajiado, halijatosha. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini. Mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia huvuka Mto Mbagathi kwenda malishoni katika nyanda za Kitengela, na simba huwafuata. Ndiyo maana usiku utaona taa zikimetameta kuzunguka zizi, zimetundikwa kumzuia simba asiwafikie ng'ombe. Nyasi zinazoliwa ni za mzee yule yule atakayedaiwa, kwa kanuni hizo, shilingi 1,000 langoni akiwa na miaka 65. Huyu amekwisha lipa, tena miaka mingi. Katiba yenyewe, Kifungu cha 260, humhesabu mzee akishapita miaka 60. Sioni kwa nini lango la mbuga limwongezee kumi.

Wapo watakaosema kwamba mbuga hulindwa kwa pesa, na askari wa wanyamapori hali hewa. Kweli kabisa. Lakini mzee asiye na elfu moja haji, hivyo kumsamehe ada hakupunguzi mapato. Akija, wajukuu na watoto wake humsindikiza, na hao hulipa. Je, mzee tajiri? Naye apite, kwani kumpekua kila mtu kipato chake kuna gharama na fedheha, ilhali kitambulisho huonyesha mwaka wa kuzaliwa mara moja. Wanajeshi wastaafu wana hoja ya aina hiyo hiyo: wamelipa kwa utumishi, na wengi huacha jeshi kabla ya uzee, hivyo kigezo cha umri hakiwafikii. Marekani huwapa wastaafu wake wa jeshi pasi ya maisha ya kuingia mbuga za kitaifa bila ada.

Hata hivyo, msamaha wa ada hauna maana kwa asiye na gari, kwa kuwa huwezi kutembea kwa miguu katikati ya simba. Basi moja kutoka mjini Kitengela, likiingia Mbuga ya Nairobi kupitia Lango la Cheetah, siku moja ya katikati ya juma, lingetosha kuanzia.