Wimbo wa kubembeleza waingia soko la vifaa vya hospitali

MFANYABIASHARA aliyezoea mitumba, saruji na vipuri vya magari si rahisi aamini kuwa wimbo wa kubembeleza mtoto ni bidhaa. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 20 sasa wimbo huo umekuwa ukiunganishwa na vyombo vya elektroniki na kupelekwa katika wodi za watoto njiti.

Mahitaji si madogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati mwaka 2020. Wengi wa wale wanaozaliwa kabla ya wiki 34 hawawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, hivyo hulishwa kwa mpira. Kila siku ya ziada wodini ni gharama kwa hospitali na kwa mzazi.

Huko Marekani, Jayne Standley, profesa wa tiba ya muziki katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, alibuni chuchu bandia yenye kitambuzi. Mtoto akinyonya kwa nguvu inayotakiwa, wimbo hulia, akiacha, hunyamaza. Utafiti wake wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa watoto waliofunzwa hivyo waliboresha kasi ya kunyonya maziwa.

Kwa upande wa Uswisi, madaktari wa hospitali ya chuo kikuu mjini Geneva walimwomba mwanamuziki Andreas Vollenweider awatungie njiti muziki wa dakika nane wa kinubi, kengele na zumari ya Kihindi ya wachezesha nyoka. Watoto waliusikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019, kwa kutumia picha za mashine ya MRI, yalionyesha kuwa mawasiliano ndani ya ubongo wa watoto hao yalikaribia yale ya waliotimiza miezi. Aidha, waliopimwa walikuwa wachache.

Katika mifano yote miwili, kinachouzwa si wimbo mtupu bali kipimo: uchezwe lini, kwa muda gani na kwa sauti gani. Madaktari wa watoto wa Marekani walipendekeza tangu mwaka 1997 kuwa kelele katika wodi hizo zisizidi desibeli 45. Redio yoyote ya dukani yaweza kuvuka kiwango hicho.

Hapa ndipo mwekezaji mdogo anapopaswa kufungua macho, kwani mshindani wake hatozi senti. Utafiti wa mwaka 2013 katika hospitali 11 za Marekani, uliohusisha njiti 272, ulionyesha kuwa nyimbo zilizochaguliwa na mzazi na kuimbwa ana kwa ana ziliwatuliza watoto. Tena, utafiti uliotolewa mwaka 2021 kutoka nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kuwa kumweka mtoto kifuani kwa mama mara baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Hakuna kifaa cha muziki kilichofikia hesabu hiyo.

Kwa hiyo, nafasi ya biashara ipo katika saa ambazo mama hayupo na katika kumfundisha mtoto kunyonya. Kabla ya kutoa fedha, mfanyabiashara ajiulize mambo matatu. Je, kifaa kimesajiliwa? Kwa Tanzania, vifaa tiba husajiliwa na TMDA. Je, mtunzi wa muziki amelipwa haki yake? Na je, kuna fundi na vipuri, umeme ukikatika au kitambuzi kikiharibika?

Muuzaji asiyeweza kuonyesha kwa tarakimu kile ambacho kifaa chake kinaongeza juu ya kifua cha mama, aachwe aende. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika wodi ya njiti, kinachoweza kupotea ni zaidi ya mali.