Kapita Anayeishi Ndani Yetu
Namna ya kuacha desturi mbaya za kazi ambazo sisi wenyewe hatuzioni

Asubuhi ya leo ulivaa kiatu gani kwanza, cha kuume ao cha kushoto? Hukumbuki. Na mutu wa kwanza uliyekutana naye kazini, ulimwambia neno gani? Pengine hilo pia hukumbuki. Lakini yeye anakumbuka.

Mambo mengi ya kila siku tunayafanya bila kuwaza. Kule Marekani, mwalimu Wendy Wood na wenzake waliwaomba wanafunzi waandike, saa kwa saa, kile walichokuwa wakifanya na kile walichokuwa wakiwaza. Mwaka wa 2002 walitangaza hesabu yao: karibu mambo 43 kwa 100 yalikuwa ya mazoea tu. Mutu anayafanya karibu kila siku, pahali pale pale, na mara nyingi akili yake iko inatembea fasi ingine.

Hiyo si ubaya. Mama anayesonga bukari hahesabu mara ngapi anageuza mwiko. Dereva wa lori hasomi buku kwanza ili akanyage breki. Kama ingetupasa kuwaza juu ya kila hatua, tungechoka mbele ya saa ine ya asubuhi. Ubaya unaanza wakati desturi mbaya inapojificha katikati ya zile nzuri. Na ubaya unakuwa mukubwa zaidi kwa yule anayeongoza wengine: shefu wa ekipi kiwandani, fundi wa garaji mwenye vijana wawili wa kujifunza, mama mwenye meza ya unga kwenye soko ya Kenya na wasichana wanaomusaidia, mukubwa wa kwaya, baba na mama wa nyumba.

DESTURI AMBAZO WENGINE WANAZIONA

Angalia hizi ine, na ujipime mwenyewe.

Ya kwanza ni kujibu mbele ya kusikia. Mutumikaji anaanza: "Shefu, ile mashini iko inafanya makelele..." Shefu anamukata: "Tumika tu, minajua!"

Ya pili ni kupandisha sauti. Mara nyingi hata hasira haipo. Sauti yenyewe imezobelea kupanda, kama vile mulango ulioharibika unalia kila mara unapofunguliwa.

Ya tatu ni kushika kila kitu mukononi. Ufunguo wa depo uko mufukoni mwake, hesabu iko kichwani mwake. Akigonjwa siku mbili, kazi yote inasimama. Na anajisifu: "Bila mie, hapa hakuna kazi." Hajui kwamba neno hilo linamuhukumu, maana katika miaka kumi hakufundisha hata mutu mumoja.

Ya ine ni kutafuta mwenye kosa mbele ya kutafuta kosa. Kitu kikivunjika, neno la kwanza ni "Nani?" Haulizi "Namna gani?" Kwa hiyo watu wanajifunza kuficha.

Sasa muulize mutu huyo kama yeye ni shefu mukali. Atashangaa. "Mie? Niko muzuri na batu yangu!" Hasemi uongo. Hajisikii tu. Njo ugumu wa desturi: mwenye kuwa nayo ni wa mwisho kuijua.

ZILITOKA WAPI?

Hakuna mutu anayezaliwa kapita. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906, na shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa Lubumbashi mwaka wa 1911. Wanaume waliletwa kutoka mbali, na juu ya kila kikundi kukawekwa kapita. Kapita hakuwekwa ili aulize, wala ili afundishe. Alipokea amri kutoka juu, akaipeleka chini kwa sauti, na akaangalia kwamba hakuna anayesimama.

Katika miaka ya 1920, na hasa tangu mwaka wa 1928, kampuni ilibadilisha njia. Ilitaka watumikaji wakae muda murefu pamoja na wake na watoto wao. Ikajenga kambi, hospitali na masomo, ikatoa posho ya chakula. Ulikuwa musaada wa kweli, na wazee wengi walikumbuka siku zile kwa shukrani. Lakini kambini kila kitu kilitoka juu. Hata mutu mwenye mvi alihesabiwa kama mutoto. Gazeti ambalo kampuni ilianzisha mwaka wa 1957 liliitwa Mwana Shaba, na watu wa kambi wakajulikana kama Bana Shaba. Ni jina zuri, na watu walijivunia. Lakini mwana anapokea, haulizi.

Na yule aliyeuliza? Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, bei ya vitu ilikuwa imepanda na mushahara haukutosha. Watumikaji weusi wa Union Minière wakagoma. Tarehe 9 walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mupira wa muji wetu, uliokuwa ukiitwa Élisabethville. Karani mumoja, Léonard Mpoyi, alikuwa kati ya wale waliosema kwa ajili ya wenzao. Askari wakapiga risasi. Mpoyi alikufa, na watu wengine wengi pamoja naye.

Jiulize, musomaji: mutoto ambaye baba yake hakurudi nyumbani siku ile alijifunza nini juu ya kusema mbele ya mukubwa? Na yeye alimufundisha nini mutoto wake?

Njo vile desturi inapita kutoka kizazi mupaka kizazi. Haiandikwe katika buku. Inapita kwa macho na masikio. Kijana anaona namna baba yake anavyoongeleshwa kazini, na namna baba anavyoongelesha watu nyumbani. Siku kijana anapopewa kiti cha shefu, kinywa chake kinajua tayari neno la kusema.

KAMPUNI ILIANGUKA, DESTURI IKABAKI

Mwaka wa 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na kampuni mupya ikaitwa baadaye Gécamines. Mwaka wa 1986 ilitoa zaidi ya tani 470.000 za shaba. Kisha mambo yakaharibika. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu kubwa ya shimo la Kamoto, kule Kolwezi, iliporomoka. Mwaka wa 1994 shaba iliyotoka ilikuwa karibu tani 30.000 tu. Watumikaji walikaa miezi na miezi bila mushahara. Na katika miaka ya 2003 na 2004, zaidi ya watumikaji 10.000 waliondoka katika mupango ulioitwa wa kuondoka kwa mapenzi, ambao Benki ya Dunia ililipia.

Donatien Dibwe dia Mwembu, mwalimu wa historia kwenye univasite ya Lubumbashi, alitoa mwaka wa 2001 buku ambalo jina lake linasema kwamba Bana Shaba waliachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Katika buku hilo anaonyesha kwamba hata mamlaka ya baba ndani ya nyumba yalikuwa yameegemea juu ya kampuni. Posho ilipokwisha, mama akaenda sokoni, watoto wakachuuza, na wao njo wakaanza kulisha nyumba. Lakini wababa wengine waliendelea kuongea kama siku ya posho. Mambo yalikuwa yamebadilika, desturi haikubadilika.

Leo kazi nyingi za shaba ziko mikononi mwa makampuni mengine, na watumikaji wengi wanaandikwa na wakandarasi wadogo. Mashini ni mupya, kofia ni mupya. Lakini pahali pengi, neno ni lile lile la kapita. Na mara nyingi anayelisema ni kijana wa miaka thalathini, ambaye hakumuona kapita hata siku moja.

KUNYAMAZA KUNA BEI

Mutu atasema: "Ukali unasaidia. Watu wakiogopa, wanatumika muzuri." Tuone kama ni kweli.

Kule Marekani, Amy Edmondson alichunguza vikundi vya wauguzi na waganga katika hospitali. Alitazamia kuona kwamba vikundi vyenye uongozi muzuri vinakosea mara chache wakati wa kupana dawa. Hesabu ikaonyesha kinyume: vikundi hivyo njo vilikuwa na makosa mengi yaliyoandikwa! Alishangaa. Kisha akaelewa. Vikundi hivyo vilikuwa vinasema makosa yao. Pahali ambapo watu walimuogopa mukubwa, makosa yalifichwa. Alitangaza mambo hayo mwaka wa 1996.

Sasa peleka hiyo kwenye shimo. Kijana anaona ufa mudogo kwenye ukuta wa mawe, ao anasikia breki ya lori haiko sawa. Aseme ao anyamaze? Anakumbuka mara tatu alizokatwa: "Tumika tu, minajua!" Ananyamaza. Shefu wake hakutaka mutu afe. Alifanya tu vile alivyozobelea. Lakini jiwe haliulizi kama ulitaka.

Kwa hiyo habari hii inapita habari ya adabu. Ni habari ya nani atarudi nyumbani kula mangaribi.

NAMNA YA KUACHA

Wengi wanaapa tarehe 1 Januari: "Mwaka huu nitabadilika." Mwezi wa pili ni watu wale wale. Usiseme ni waongo. Walipigana na adui pahali ambapo hayuko. Desturi haikai sana katika mapenzi yetu. Inakai katika saa, pahali na mambo yanayoiamusha. Basi fanya hivi:

1. Uliza wale wanaoiona. Usiulize, "Mie niko shefu mubaya?" Hakuna atakayejibu. Uliza: "Neno gani ninalisema mara nyingi, na linawachosha?" Anza na bibi yako, ao mume wako. Ukisikia jibu, sema aksanti na unyamaze. Ukianza kujitetea, hiyo itakuwa mara ya mwisho wanakuambia kweli.

2. Shika desturi moja tu. Juma nzima, angalia inakuja saa gani, pahali gani, mbele ya nani. Pengine utaona kwamba unapiga makelele hasa wakati kazi inachelewa kuanza, ao wakati una njaa, ao wakati mukubwa wako mwenyewe amekukaripia. Hapo unajua mulango inapoingilia.

3. Weka tendo lingine pahali pake. Mujerumani Peter Gollwitzer, pamoja na wenzake, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba yule anayepanga mbele, "Kama jambo hili linafika, nitafanya hivi," anatimiza zaidi kuliko yule anayetamani tu. Panga basi: "Kama mutu ananiletea shida, nitamuuliza ulizo moja mbele ya kujibu." "Kama kitu kinavunjika, neno langu la kwanza litakuwa: Namna gani?" "Kila siku ya kwanza ya juma, nitamwachia mumoja wao kazi moja ambayo nilikuwa nikiishika mwenyewe." Andika neno lako kwenye karatasi ndogo, uliweke mufukoni.

4. Hesabu siku. Kule London, Phillippa Lally na wenzake waliangalia watu 96 waliokuwa wakijaribu kuzobelea tendo moja jipya, kama vile kunywa maji ao kutembea kidogo kila siku. Mwaka wa 2010 walitangaza kwamba kwa kadiri ilihitaji siku 66. Kwa mwenye haraka zilikuwa 18, na kwa mwingine hesabu ilifika 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kazi yote. Kwa hiyo weka alama kwenye kalenda ya ukutani kila siku. Ukianguka leo, simama kesho. Usitupe kalenda.

5. Tengeneza pale ulipoharibu. Kama ulimufokea mutu mbele ya watu kumi, umuombe musamaha mbele ya wale kumi. Wengine wanaogopa: "Watanizarau." Hapana. Watu wanajua tayari kwamba ulikosea. Wanangoja tu kuona kama na weye unajua.

Usishangae kama mwanzoni hawakuamini. Utawauliza, "Munaona namna gani?", nao watatazama chini. Kando watasemezana, "Shefu ako mugonjwa?" Wao pia wako na desturi yao, ile ya kunyamaza, na ni ya zamani kama yako. Uwape siku zao. Siku mumoja wao atakuja kukuambia, "Shefu, hapa haiko sawa," simamisha kazi na usikie, hata kama mwishoni unakuta ni kitu kidogo. Wengine wote watakuwa wanaangalia uso wako siku ile.

Na weye kijana ambaye hauko bado shefu, usiseme habari hii ni ya wakubwa. Namna unavyomuongelesha mudogo wako leo, wakati wa kumutuma maji, njo namna utakavyoongoza watu kesho. Anza mapema, wakati desturi iko bado laini.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

Kaeni pamoja mangaribi moja, kisha chakula. Watoto waanze kujibu, wazazi wafuate.

Neno gani linasemwa mara nyingi katika nyumba hii, na hakuna anayelipenda?

Nani kati yetu anaogopa kusema kama kuna kitu kimeharibika? Juu ya nini?

Desturi gani moja tutaishika kwa siku 66, na nani atakuwa anaweka alama kwenye kalenda?