Moyo wa Kazi Hauletwi na Semina

Mashirika yasiyo ya kiserikali hupenda kubandika malengo yao ukutani. Mimi nauliza: mfanyakazi huanza lini kuyaamini? Tutazame Uganda. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa UKIMWI, alianzisha TASO pamoja na wenzake, baadhi yao wakiwa wameambukizwa. Hawakuhitaji kufundishwa lengo; lilikuwa maisha yao.

Anayeajiriwa baadaye hufuata mshahara, na si dhambi. Lakini ukimwachia makaratasi tu, fedha za wafadhili zikipungua atahama. Mpeleke kwa mgonjwa, amjue kwa jina. Kisha aliyoyaona huko yasikilizwe mipango inapopangwa. Hapo ndipo kazi ya shirika inapokuwa yake. Hayo ndiyo maoni yangu.