Kichwa Kinachouma Ukisimama

Dada amejifungua kwa upasuaji, karudi nyumbani Kerende, na siku ya pili kichwa kinampasua. Wengi tutasema malaria. Wapime, sawa, na presha pia. Ila muulize: ukilala kinapoa, ukikaa au kusimama kinarudi?

Akisema ndiyo, huenda chanzo ni ile sindano ya ganzi ya mgongoni. Ubongo unaelea kwenye maji, kama mililita 150 kwa mtu mzima. Sindano ikiacha kitundu kwenye utando wa uti wa mgongo, maji yanavuja na ubongo unavutwa chini. August Bier, daktari Mjerumani aliyejaribu ganzi hiyo mwaka 1898, naye kilimpata.

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha hili, ndiyo maana lile swali ni muhimu. Mrudisheni hospitali, aseme alichomwa mgongoni. Mara nyingi kitundu huziba chenyewe: kupumzika, kunywa maji, dawa za maumivu. Kisipoziba, mtaalamu wa ganzi huchota damu ya mgonjwa mwenyewe, kama mililita 20, na kuichoma mgongoni nje ya utando. Ikiganda, inaziba.

Akipata homa, degedege, shingo kukakamaa au kuona ukungu, msingoje kesho.